Muhuri Uliojitambulisha Wenyewe

Sina haja ya kuendelea kujificha. Mimi ndiye yule kijana wa Isiolo aliyekataliwa na muhuri wake mwenyewe mbele ya watu wa soko zima, na ukipita Bulla Pesa ukasikia watu wakitaja geti la mifugo kisha wakaangua kicheko, jua wananicheka mimi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaambia marafiki kwamba hadithi hiyo imetiwa chumvi. Haikutiwa. Kama kuna kitu, wameipunguza, kwa sababu wengi hawakuniona nikiwa mtaani Chechelesi nikimbembeleza mzee mwenye hina mbichi kwenye ndevu.

Nianze na kazi yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nimetoka chuo kikuu na digrii ya hisabati, na nikapata kazi katika ofisi moja ya vyeti vya mifugo (jina la ofisi naliacha, haina kosa lolote, kosa lote nalibeba mimi). Wakati huo ng'ombe hangeweza kupita geti la kusini mwa mji bila cheti cha kuonyesha ni wa nani, anatoka wapi, na kwamba hana ugonjwa. Shida ni kwamba vyeti vya kughushi vilikuwa vimejaa kila mahali, watu wanaiba ng'ombe jioni na asubuhi wana karatasi safi. Bosi wetu, daktari wa mifugo, aliniita akaniambia, "Wewe una akili ya hesabu. Nitengenezee utaratibu wa kutoa vyeti ambao mwizi hawezi kuuiga."

Sasa mimi ni mtu ambaye nikitumwa chumvi dukani narudi kuuliza ni ya mawe au ya unga, na kama hakuna ya mawe nifanyeje, na kama duka limefungwa je. Kupewa kazi ya kufikiria kila njia ambayo mtu anaweza kudanganya ilikuwa kama kumpa mbuzi ufunguo wa ghala la mahindi. Kwa wiki tano nililala, nikaamka na kula nikiwaza wizi. Niliagiza muhuri mkuu wa chuma, ukawekwa ndani ya sefu yenye funguo mbili, mmoja wangu na mmoja wa daktari, ili hata mimi nikiwa mwizi nisiweze peke yangu. Chini ya muhuri mkuu nikaweka mihuri midogo, mmoja wa ofisi ya mjini na mwingine wa kituo cha Merti, na kila muhuri mdogo ukawa na barua yake iliyopigwa muhuri mkuu kuthibitisha kwamba ni halali. Kila cheti kikapewa nambari na siku ya kuisha. Kukawa na daftari la vyeti vilivyofutwa. Hata saini yangu niliibadilisha, nikabuni mpya yenye mizunguko mitatu na mkia unaorudi nyuma kupita katikati ya mzunguko wa pili, na nilifurahi sana nilipoona kwamba hakuna mtu ofisini aliyeweza kuiiga (kwamba hata mimi ilinichukua majaribio sita sikuona kama ni jambo la kutia wasiwasi, ajabu, mimi ambaye hutiwa wasiwasi na kila kitu).

Ilibaki kuwajulisha watu wa geti. Ijumaa nikaandika barua ya kurasa mbili, nikaeleza muhuri mpya, nikachora saini yangu kama mfano, na katika fungu la nne nikaandika kwa fahari kubwa: "Msikubali neno la mdomo la mtu yeyote kuhusu cheti, awe na cheo gani, hata akiwa ni mwandishi wa barua hii." Daktari alikuwa anaondoka kwenda Merti, gari linanguruma nje, ufunguo wake wa sefu umening'inia shingoni. Tulikuwa tumeshaipiga ile barua muhuri mkuu, sefu imefungwa. Akachungulia dirishani akaniuliza, "Lete kalamu niisaini hiyo barua?"

Nikamjibu, "Hakuna haja, Daktari. Saini ya mtu inaghushiwa. Muhuri mkuu unatosha."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, kwa sentensi moja ya kujigamba. Gari likaondoka. Mimi nikachukua muhuri wa zamani wa mpira, ule uliotumika miaka yote, nikaukata kwa wembe vipande vidogo vidogo na kuvitia kwenye jiko, nikasimama nikivitazama vikinuka na kuyeyuka, roho yangu imetulia kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Jumamosi asubuhi akaja Mama Kabale. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kiborana kutoka upande wa Merti, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, na alikuwa ametembeza maksai kumi na wawili siku nyingi mpaka Isiolo. Ng'ambo ya geti kulikuwa na uwanja ambako mifugo ya kuuzwa kusini ilikusanywa na kukaguliwa. Uwanja ule ulikuwa unafungwa siku hiyo saa kumi alasiri. Atakayechelewa angoje awamu nyingine, na awamu nyingine ilikuwa baada ya mvua. Kwao nyuma nyasi zilikuwa zimekwisha. Kwa hiyo kwake hakukuwa na kurudi: ama maksai wale wanapita geti siku ile, ama wanafia njiani mmoja mmoja. Alinieleza hayo bila kulalamika, kama mtu anayesoma orodha.

Nikamwandikia cheti nambari moja. Nikakigonga muhuri mdogo wa mjini, nikapinda ile mizunguko yangu mitatu (jaribio la nne likakubali), nikampa kwa mikono miwili. "Mama," nikamwambia, "karatasi hii hakuna mtu anayeweza kuikataa."

Saa saba mchana mpwa wake akafika ofisini akihema. Alikuwa mtu mzima mwenye mwanya, anaitwa Galma. "Abo," akaniita kwa Kiborana, kama kusema bwana, "ile karatasi yako imekataliwa."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa Kiborana. Kisha nikaona midomo yake ilivyokauka, nikachukua baiskeli.

Geti la mifugo lilikuwa gogo moja lililolazwa juu ya mapipa mawili, na pembeni kibanda cha mabati. Jumamosi ndiyo siku ya soko la mbuzi, na soko lilikuwa ng'ambo tu ya barabara, kwa hiyo nilipofika kulikuwa na watu kama mia wamekwisha kusimama kutazama, wengine na mbuzi wao mkononi. Maksai walikuwa wamesimama juani, vichwa chini. Mmoja mwenye mabaka alikuwa tayari amelala. Mama Kabale alisimama mbele yake kumkinga na jua kwa shuka lake.

Aliyesimamia geti aliitwa Koplo Ekai, Mturkana mwenye umri wa baba yangu, mtu mtaratibu kabisa. Ndani ya kibanda chake kulikuwa na ubao, na kwenye ubao karatasi mbili zimepigiliwa misumari: saini ya daktari, na saini ya Mzee Jama, karani wetu mkuu aliyekuwa katika likizo yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Katikati chapa ya muhuri wa zamani. Ule niliouyeyusha.

"Koplo, habari ya kazi," nikasema. "Hicho cheti ni halali. Nimekitoa mimi."

"Mzuri. Wewe nani?"

"Mimi ndiye ofisa wa vyeti. Nilituma barua jana."

"Barua imefika." Akaitoa mfukoni, akaikunjua polepole. "Nimesoma mara tatu. Barua inasema niamini muhuri mpya. Sawa. Nikauliza, na barua nani anasema ni ya kweli? Nikaangalia chini. Imegongwa muhuri mpya." Akaniangalia usoni. "Sasa kijana wewe umesoma, niambie. Mgeni akibisha mlango usiku anasema, mimi ni mtu mzuri, nani anakuambia, mimi mwenyewe. Wewe utafungua?"

Watu wakacheka. Mimi nikasimama pale na digrii yangu, na jambo baya zaidi ni kwamba akili yangu ilikubaliana naye kabisa. Nilikuwa nimefikiria mwizi atakayepanda dirisha, mwizi atakayehonga karani, mwizi atakayechonga muhuri, lakini sikuwa nimefikiria hata mara moja jinsi mtu mwaminifu atakavyonijua mimi.

"Ekai, wacha maneno!" mama mmoja muuza ugoro akapaza sauti. "Si ni mtoto wa Zeinabu wa maziwa, wa Bulla Pesa! Sisi wote tunamjua tangu akitambaa."

"Maziwa ya Zeinabu najua, nakunywa kila siku," Koplo akasema. "Lakini barua yake iko na namba nne." Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari: "Msikubali neno la mdomo la mtu yeyote... awe na cheo gani... hata akiwa ni mwandishi wa barua hii." Akaikunja. "Mwandishi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi nafanya vile umesema."

Jamani, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mbuzi wenyewe walishtuka. Nikafikiri, hapana, sirudi nyuma, hawa maksai watapita leo hata nikiwabeba mgongoni, nikasema kwa sauti ya mtu asiyetetemeka (nilitetemeka), "Koplo, saini yangu iko kwenye barua. Nipe karatasi nisaini mbele yako, utaona ni mtu yule yule."

Akafikiri. "Hiyo ni haki," akasema, akanipa kalamu na kipande cha karatasi, na akageuza pipa liwe meza.

Mmekwisha kujua kilichotokea. Mizunguko mitatu ikawa minne. Mkia ulikataa kurudi. Nikaomba karatasi nyingine, mkia ukarudi lakini ukapita katika mzunguko wa kwanza, na ya tatu ilitoka kama mnyoo aliyekanyagwa, na jasho likadondoka likaifanya kuwa doa. Watu walikuwa wamesogea mpaka mabegani mwangu, wananihesabia. "Ya tano!" "Ya sita hiyo, bado!" Mtu nyuma akasema, "Mpeni alama ya kidole kama bibi yangu." Nilipofika ya nane Koplo Ekai alinishika mkono, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulioniua.

"Kijana, mimi sisemi wewe ni mwizi. Mimi nasema sikujui. Hiyo ni vitu mbili."

Mama Kabale aliliacha shuka lake juu ya yule mwenye mabaka. Sasa akasogea, akanitazama kutoka juu. "Wewe ulisema hakuna mtu anaweza kukataa. Wewe mwenyewe umeikataa mara nane."

Saa nane na nusu. Nikamuuliza Koplo, "Ubao wako unamwamini nani?"

"Daktari. Na Mzee Jama. Mzee ako likizo lakini jina lake bado haijatolewa hapo. Mpaka mwisho wa mwezi mkono wake ni mkono wa ofisi. Akisaini hii barua, mimi nafungua geti saa hiyo hiyo."

Daktari alikuwa Merti. Mzee Jama alikuwa Chechelesi, na juu yake kuna jambo sijawaambia. Siku ya chai ya kumuaga Mzee Jama, mbele ya ofisi nzima na wake wa wafanyakazi, mimi nilisimama kutoa hotuba fupi, na badala ya kumshukuru nilichukua kiazi, nikakikata, nikachonga mfano wa muhuri wake, ule wa mpira aliougonga miaka yote, kwa dakika kumi, nikaugonga kwenye karatasi na kuizungusha ili kila mtu aone jinsi ulivyokuwa rahisi kughushi. Nilidhani ni mafunzo. Mzee alikuwa amekunywa chai yake yote, akasema asante, akaenda nyumbani mapema.

Nilipanda baiskeli. Sikumbuki njia, nakumbuka tu kwamba nilitunga hotuba saba za kuomba msamaha na zote zilianza na "kwa kuzingatia". Familia ya Mzee Jama ni ya wale Wasomali ambao babu zao waliletwa na jeshi la wakoloni wakatulia hapa, na nyumba yake ilikuwa na ua wa miti mikavu na mlango wa bati la buluu. Nikabisha. "Salaam aleikum!"

"Waaleikum salaam. Nani?"

Alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, taulo shingoni, ndevu zake zote zimepakwa hina mbichi na kufungwa kwa nailoni mpaka masikioni. Aliponiona hakusimama. Hotuba zote saba zikapotea.

"Mzee," nikasema, "nimekosea, na ng'ombe wa mtu watakufa."

Nikamweleza. Alisikiliza akinikazia macho juu ya ile nailoni. Nilipofika mahali nilipouyeyusha muhuri wake akafumba macho kidogo.

"Umeuchoma?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wote?"

"Vipande vyote."

"Hata mtu akinunua viatu vipya," akasema, "anatoka dukani na vya zamani miguuni kwanza." "Mimi ningekataa, waria, kijana wewe. Ningekaa hapa na hina yangu nikakuacha. Lakini ng'ombe hakuchonga kiazi. Leta baiskeli."

"Hina, Mzee? Nisubiri uoshe?"

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa na robo."

"Basi unauliza nini?"

Nikambeba kwenye keria. Mzee Jama si mwembamba. Alikaa upande mmoja kama bibi harusi, mkono mmoja umenishika mkanda, mwingine umeshika nailoni isiruke, na tukapita katikati ya soko la mbuzi nikipiga kengele isiyolia na yeye akipiga kelele kwa niaba ya kengele. Kwenye kijiteremko breki zikachelewa, tukaingia kwenye kundi la mbuzi, nikaanguka upande wangu na yeye akatua wima, wallahi, wima kama aliyeshuka kwenye gari, lakini nailoni ilifunguka na hina ikamwagika kwenye kanzu yake nyeupe na nusu yake kwenye shati langu. Tulifika getini kwa miguu, tukiwa wekundu kama watu waliotoka vitani, na umati ukatupisha njia ukipiga makofi.

Koplo Ekai alimsalimu kwa heshima. Hakucheka. "Mzee, huyu unamjua?"

Mzee Jama alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Nilijua angeweza kusema lolote na angekuwa na haki.

"Namjua," akasema. "Ana kiburi, ana haraka, na hawezi kuendesha baiskeli. Lakini si mwizi. Muhuri wake ni wa kweli."

Akashika kalamu, akasaini barua yangu pembeni ya ule muhuri mkuu, saini fupi ya kawaida, haraka, bila mzunguko hata mmoja. Koplo akaipeleka kwenye ubao, akaiangalia, akaangalia ubao, akarudi akanyanyua gogo. Ilikuwa imebaki kama robo saa.

Maksai kumi na mmoja walipita. Yule wa mabaka hakusimama. Tulimsukuma, mimi na Galma na watu wengine wanne, nilimshika mkia, nilimwagia maji ya kunywa ya Koplo, nikamwita kwa majina yote, na alinyanyua kichwa mara moja tu kisha akakilaza. Wakamchinja pale pale kabla hajafa mwenyewe, asiwe kibudu. Mama Kabale alitazama mpaka mwisho, kisha akakunja shuka lake alilokuwa akimkinga nalo. Nilijaribu kumwambia pole.

"Alikuwa ndiye wa mbele," akaniambia. "Njia yote kutoka Merti wengine walimfuata yeye." Akawafuata wale kumi na mmoja ng'ambo, bila kugeuka.

Jumatatu, daktari aliporudi, niliandika barua upya. Safari hii daktari alisaini, Mzee Jama akasaini, na niliipeleka mwenyewe kwa miguu, nikaupiga ule muhuri mpya mbele ya Koplo Ekai, nikasaini kwa jina langu kama nilivyolisaini tangu shule ya msingi. Niliuacha utaratibu wote mwingine kama ulivyokuwa, sefu, funguo, nambari, daftari, kwa sababu ulikuwa mzuri na bado ni mzuri, na katika miaka iliyofuata wezi walihangaika nao kweli. Lile fungu la nne nililifuta. Na nimeapa kwamba sitaharibu tena kitu ambacho watu wanakiamini kabla hicho cha zamani hakijanishika mkono na kunipeleka kwao.

Koplo aliipigilia karatasi yangu kwenye ubao, chini ya nyingine mbili, akarudi hatua moja kuitazama kama imenyooka.

"Haya," akasema. "Sasa nakujua."

Nje ya kibanda, kando ya barabara, mchanga ulikuwa bado na doa jeusi.